Doa Katika Jicho Langu na Lenzi za Binti Yangu

Jicho langu la kushoto lina doa jeupe, dogo kuliko punje ya ulezi, pembeni kidogo mwa mboni. Kwa zaidi ya miaka 20, kila wanangu waliponiuliza limetokana na nini, niliwajibu kuwa niliugua macho utotoni. Haikuwa kweli, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe. Mwaka huu binti yangu alipokuja kuniomba fedha za kununua lenzi za rangi za kuvaa siku ya harusi yake, nilijua kuwa siwezi tena kuuficha ukweli.

Alikuwa amekwisha kuzichagua. Duka moja la vipodozi hapa Dar es Salaam lilikuwa likiuza lenzi za kijivu, za kijani na za rangi ya asali, zimepangwa baina ya kope za bandia na rangi za midomo. Muuzaji hakumuuliza lolote ila rangi aipendayo. "Mama," akaniambia, "hizi si za kusomea. Ni pambo tu, kama hina."

Nikamketisha, nikamsimulia. Nilikuwa na umri kama wake. Binti wa ami yangu alirudi kutoka Dubai na lenzi za buluu, nami nikamwomba aniazime nizivae katika harusi ya jirani. Alizivua machoni mwake, akazisuuza kwa maji ya bomba, akanivisha. Usiku ule nilirudi nimechoka, nikalala nazo. Alfajiri jicho la kushoto halikufumbuka, na mwanga wa taa ulikuwa kama mwiba. Kwa kuwaogopa wazazi nilinyamaza siku mbili, nikitia dawa ya matone iliyokuwa imebaki kabatini. Nilipofikishwa hospitali, kidonda kilikuwa kimekwisha kuota juu ya konea, ile sehemu angavu iliyo mbele ya jicho. Nikatiwa dawa kila saa, mchana na usiku, na mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakulala. Kidonda kilipona, kovu likabaki. Hadi leo taa za magari usiku naziona zimezungukwa na ukungu.

Binti yangu alilia. Mimi nilikuwa tayari kumkatalia moja kwa moja, lakini nikakumbuka kwamba kilichoniponza hakikuwa lenzi peke yake. Ilikuwa pia ile hofu iliyonifanya ninyamaze. Nikaona nikimkataza kwa ukali, huenda akazivaa kwa siri kama nilivyofanya mimi. Tukaafikiana tuulize kwanza, kwa wanaojua dini na kwa wanaojua tiba.

Ustadhi wetu alitujibu kwa upole. Alisema kujipamba kuna mipaka yake: pasiwe na madhara mwilini, pasiwe na israfu, wala asidanganywe mposaji. Tukamweleza kuwa kijana amekwisha kumwona binti kwa macho yake ya asili. Kuhusu udhu, alisema ndani ya jicho si mahali panapopaswa kuoshwa, kwa hiyo lenzi haiuzuii. Bali mvaaji afumbe macho vizuri anapoosha uso, maji yasiingie.

Daktari wa macho naye alinifunza ambayo sikuyajua hata baada ya kuumia. Konea haina mishipa ya damu. Hewa yake huipata kutoka nje kupitia machozi. Lenzi isiyofaa huinyima hewa hiyo na kuikwaruza, na katika mkwaruzo huo vijidudu hupata mlango. Ndiyo maana hata lenzi ya pambo, isiyo na nguvu yoyote ya kusaidia kuona, hupimiwa mtu wake. Nchini Marekani, tangu mwaka 2005, sheria inazihesabu lenzi zote hizo kuwa kifaa cha tiba, na haziuzwi bila cheti cha mtaalamu. Alimpima binti yangu mviringo wa jicho na wingi wa machozi, akamwandikia vipimo vyake, kisha akamfundisha kuvaa na kuvua mbele yake mpaka akaweza.

Masharti aliyompa nayaandika kama alivyoyataja. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa kabla ya kugusa lenzi. Lenzi zivaliwe kabla ya wanja na poda. Zisiguswe na maji ya bomba, ya kisima wala ya chupa, na mate ndiyo kabisa. Zisafishwe kwa dawa yake maalumu, na dawa ya jana imwagwe, isiongezewe mpya juu yake. Kikopo cha kuhifadhia kibadilishwe kila baada ya miezi 3. Asilale nazo, hata usingizi mfupi wa adhuhuri. Asimwazime mtu, hata dada yake wa tumbo moja. Na jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, azivue saa ileile na afike hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya harusi alivaa lenzi za rangi ya asali, na sikatai kwamba zilimpendeza. Baada ya Isha, picha zikiwa bado zinaendelea, akaninong'oneza kuwa jicho moja linahisi kama lina mchanga. Somo yake akamwambia avumilie kidogo, wageni wanangoja. Binti yangu akaniangalia usoni, akalitazama jicho langu la kushoto, kisha akainuka kwenda kunawa mikono. Katika picha za mwanzo macho yake ni ya asali. Katika zilizobaki ni meusi, kama ya bibi yake. Asubuhi yake hakuwa na maumivu, alhamdulillahi.

Wazazi wenzangu, jicho ni amana, na tutaulizwa juu yake. Mabinti wetu wanaziona lenzi hizi madukani na kwenye simu kila siku. Tusiwaachie muuza vipodozi awe mshauri wao, wala tusiwatishe kiasi cha kutuficha maumivu. Mimi nilinyamaza siku mbili tu, na kovu lake ninalo hadi leo.