Rangi Isiyofika

Ncha ya mzizi wa kitunguu maji ikilowekwa kwenye asidi hidrokloriki, kisha kwenye dawa ya Schiff, hugeuka zambarau. Chini ya hadubini utaona viini vya seli vimekoza, na sehemu nyingine zote zimebaki nyeupe. Njia hii waliieleza Wajerumani Robert Feulgen na Heinrich Rossenbeck mwaka 1924. Kiini chenye DNA nyingi hushika rangi nyingi, kwa hiyo ukipima mwanga kinaouzuia, unaweza kukisia uzito wa DNA iliyomo.

Lakini rangi peke yake haisemi kitu. Asidi ikikaa muda mfupi, rangi haishiki. Ikipitiliza, DNA yenyewe huanza kuoshwa. Ndiyo maana mmea unaopimwa hupitishwa pamoja na mmea unaojulikana, mara nyingi kitunguu hichohicho, ambacho kiini chake cha kawaida kina takribani pikogramu 33.5. Dawa ni ileile, saa ni zilezile.

Hata hivyo, ipo mimea iliyowahadaa wapimaji. Kwa miaka mingi iliripotiwa kwamba mimea ya spishi moja, soya ikiwemo, hutofautiana sana kwa kiasi cha DNA. Johann Greilhuber wa Vienna alipopima upya kwa uangalifu, sehemu kubwa ya tofauti hizo ikayeyuka. Alionyesha pia kwamba tanini za mmea wenyewe zinaweza kuizuia rangi isishike. DNA ilikuwemo yote. Rangi ndiyo haikufika.

Jambo hili huniuma ninapowaza jinsi tunavyopima watoto. Mtoto anaulizwa kwa lugha ambayo nyumbani kwao haizungumzwi, mbele ya mwalimu anayemwogopa, ananyamaza, na kwenye ripoti anaandikwa kuwa ni mzito. Akili yake hatujaipima. Tumepima woga.

Greilhuber hakuacha kupima, na sisi hatuna sababu ya kuacha. Ukiushuku mmea, tishu yake huandaliwa pamoja na ya mmea unaojulikana. Rangi ya huu wa pili nayo ikififia, basi kizuizi kipo. Nawe mwalimu, kabla hujaandika neno “mzito”, mwulize mtoto swali lilelile kwa lugha ya kwao, mkiwa wawili tu, kisha umsubiri ajibu.