Jina Kabla ya Rangi

Watu wengi hudhani kuwa kitu kidogo ni rahisi kukitia rangi kuliko kikubwa. Dhana hii ni jamaa ya ile inayodai kwamba shairi la beti tatu ni kazi ya mchana mmoja, ilhali utenzi ndio kazi ya mtu mzima. Aliyewahi kushika brashi juu ya ng'ombe wa udongo asiyezidi urefu wa kidole cha shahada anajua ukweli ulivyo. Tone likichuruzika ukutani, macho hulipita. Likichuruzika juu ya shavu la ng'ombe huyo, limemlaza uso mzima.

Kamuli, ninakoishi, ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hiyo iliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa sehemu ya Karagwe, na wengi wetu bado twajiita watu wa Karagwe. Kwa msomaji aliyezoea bahari, nchi yetu ni ya vilima, migomba na kahawa. Rwanda iko ng'ambo ya Mto Kagera, na Uganda iko kaskazini. Watoto wa hapa hufinyanga ng'ombe wa udongo kama watoto wa wafugaji wafanyavyo kwingi Afrika Mashariki. Alasiri za likizo huniletea vinyama vyao, nami kwa kuwa nilijifunza brashi kama nilivyojifunza tafsiri, yaani bila mwalimu, huwaonyesha ninachokijua.

Kufanya ng'ombe mdogo si mchezo mgeni katika nchi hii. Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, na Stanley akafuata mwaka 1876. Stanley ameeleza nyumba ya hazina ya mfalme huyo: ndani yake alikuta bata wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Miongoni mwa vifaa vya kifalme vya Karagwe wamo pia ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, ambao pembe zao ni ndefu kuliko kimo chao. Kisha ikaja sotoka. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 ugonjwa huo ulifagia mifugo ya Afrika Mashariki, na Karagwe haikusalimika. Mazizi yaliachwa matupu, ilhali ng'ombe wa chuma walibaki wamesimama.

Hilo ndilo linalonifanya niuchukulie ufundi huu kwa uzito. Ng'ombe wa pembe ndefu bado wapo, lakini kundi hupungua pale shamba linapopanuka, na penye maziwa ya kuuza huletwa damu ya kigeni. Pamoja na ng'ombe huondoka majina ya rangi zao. Katika lugha ndugu za magharibi mwa Ziwa Viktoria, ng'ombe haitwi tu mwekundu au mweupe. Yupo bihogo, ambaye wekundu wake umeiva hadi kukaribia udongo wa kichuguu kilicholoa mvua. Yupo gaaju, ambaye ngozi yake ni hafifu zaidi, kama jani la mgomba lililokauka juani. Mfugaji akitaja jina, mwenzake humwona ng'ombe kabla hajaletwa.

Nikiwa mfasiri, nimejaribu kuyatafutia majina hayo visawe vya Kiswahili. Kiswahili hakikosi njia, kwani rangi zake nyingi zimetoka katika vitu: kahawia katika kahawa, kijivu katika jivu, zambarau katika tunda. Hata hivyo, nikiandika "kahawia" mahali pa bihogo, ninakuwa nimempa ng'ombe rangi ya kinywaji. Siku hizi neno hilo naliacha lilivyo, nikalieleza pembeni. Basi kanuni ya kwanza ninayompa mtoto ni hii: usichovye brashi mpaka umejua ng'ombe wako anaitwaje. Asiyejua humtuma kwa babu yake akaulize. Wengine hurudi na jina moja. Wengine hurudi na hadithi ndefu ya ng'ombe aliyekufa zamani, na jina limo ndani yake.

Baada ya jina ndipo vifaa. Anayeanza hahitaji vingi. Brashi mbili zatosha: moja namba 1 yenye ncha iliyokusanyika vizuri, na nyingine pana, kuukuu, isiyoonewa huruma. Wengi hukimbilia brashi nyembamba kupita zote, wakidhani ndiyo ya kazi ndogo; lakini hiyo hubeba rangi haba, nayo hukauka kabla ya kufika panapotakiwa. Ubora wa ncha ni muhimu kuliko wembamba. Tafuta pia kigae cheupe cha kuchanganyia rangi, vikopo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea na kimoja cha kuzimulia, kitambaa cha pamba, na msasa laini. Mwisho tafuta gunzi la mhindi: ng'ombe akigandishwa juu yake kwa nta, utaligeuza gunzi bila kugusa ngozi mbichi ya rangi.

Udongo ukaushwe kivulini siku kadhaa, kwani jua kali huupasua. Udongo usiochomwa hulainika ukiguswa na rangi ya maji, hivyo ni vyema kumwomba mfinyanzi akichome kinyama pamoja na vyungu vyake. Kiwe kimekauka hadi moyoni. Unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke ukakipasua. Pembe ndefu za udongo huvunjika, kwa hiyo acha matundu mawili kichwani, utie pembe za waya baada ya moto. Kisha piga msasa, futa vumbi, na upake rangi ya msingi, nyeupe au kijivu, nyembamba kiasi cha kuacha mikunjo ionekane. Bila msingi huo, udongo hunywa rangi na kuacha mabaka.

Rangi yenyewe izimuliwe hadi iwe na uzito wa maziwa. Paka mkono mmoja mwembamba, ngoja ukauke, kisha paka wa pili, hata wa tatu. Kwa bihogo mimi huanza na nyekundu ya udongo, nikaongeza nyeusi kidogo sana, tone kwa tone. Kwa gaaju huongeza manjano ya udongo na chembe ya nyeupe. Mtoto huyafananisha mchanganyiko na maelezo ya babu yake, si na kitabu.

Hapo ng'ombe huonekana amekamilika, lakini ukimweka mbali kidogo atakuwa donge la rangi moja. Sababu yake ndiyo siri ya ufundi mzima. Ng'ombe wa kweli ana mwili mkubwa. Jua likimpiga, tumbo lake hutia kivuli na mgongo wake hung'aa. Kinyama cha kidole hakina kina cha kutosha kuutumia mwanga huo. Mpakaji hana budi kumsaidia kwa kumpakia kivuli na mwanga. Zimua rangi ya giza hadi iwe kama chai isiyo na maziwa, uiache itiririke yenyewe kwenye mikunjo: chini ya taya, baina ya miguu, nyuma ya bega. Ikikauka, chukua brashi kuukuu, ichovye katika rangi ya mwili iliyotiwa weupe kidogo, kisha ifute kitambaani mpaka udhani imekwisha. Hiyo iliyobaki, ipitishe kwa wepesi juu ya uti wa mgongo, nyonga na paji la uso. Itashika palipoinuka tu. Jicho liwekwe mwishoni kwa ncha ya kijiti cha meno, nukta moja nyeusi kila upande. Siku ya pili paka vanishi isiyong'aa.

Huko Ulaya nako ufundi huu una ukoo wake. Mjini Nuremberg, Ujerumani, karakana ya Ernst Heinrichsen iliyoanzishwa mwaka 1839 ilisubu askari bapa wa bati, nao wakapakwa rangi kwa mkono. Kyerwa nako bati limechimbwa tangu enzi za ukoloni, ila watoto wetu wamebaki na udongo, na sioni kwamba wamepungukiwa. Rangi ya bei kubwa nayo si sharti. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alijenga mtindo mzima wa uchoraji Dar es Salaam kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya mbao za dari. Rangi hizo hukubali pia kinyama cha udongo, ila hukauka polepole, na brashi yake haioshwi kwa maji.

Lipo onyo moja nisiloliachia nafasi ya kusahauliwa. Usinyooshe ncha ya brashi kwa midomo. Rangi kadhaa za mafuta zimetiwa risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Miaka ya 1917 na kuendelea, huko New Jersey, Marekani, wasichana waliopaka nambari za saa kwa rangi yenye radiamu walifundishwa kunyoosha brashi kwa midomo yao, na wengi waliugua mifupa ya taya, wengine wakafa. Ncha hunyooshwa kwa maji na vidole, baada ya kuoshwa kwa sabuni. Rangi isifike kwenye mkanda wa bati unaoshika nywele, na brashi ilazwe au isimamishwe nywele zikiwa juu.

Tumbo la kila ng'ombe ninaomba liachwe bila rangi, udongo mtupu. Hapo mtoto huandika kwa kalamu ya risasi jina la rangi alilopewa nyumbani, na chini yake jina la aliyemwambia. Vanishi ya mwisho hupakwa juu ya maandishi hayo. Ikitokea mtu akamwokota ng'ombe huyo baada ya miaka hamsini, rangi ya mgongo ikiwa imepauka, atampindua na kusoma alikuwa nani.