Chombo cha Afrika

Rafiki yangu aliinua kidevu kuelekea kwenye televisheni. "Chukua chenu," akasema.

Chombo chenyewe kiliitwa Assegai, jina la mkuki mwembamba. Ilikuwa timu ya Afrika. Tulikuwa Liverpool, mwaka 1999, sebuleni kwao, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa na miaka 12, na ilikuwa imepita miaka mitatu tangu mama na mimi tuondoke Tanga.

"Si chetu," nikamjibu. Nikachagua Feisar, timu ya Ulaya.

Kwa asiyeijua Wipeout: ni mbio za vyombo visivyo na magurudumu, vinavyoelea juu ya barabara kwa kasi ya kutisha. Gemu la kwanza lilitoka mwaka 1995, likatengenezwa na Psygnosis, kampuni ya Liverpool hapohapo. Michoro na alama zake zilitoka kwa The Designers Republic wa Sheffield, na muziki wake ulikuwa wa kumbi za dansi za Uingereza ya wakati ule. Hadithi yake inaanzia mwaka 2052. Humo walishindana Kanada, Japani, Ujerumani, Urusi na Greenland, na njia ya siri ilikuwa kwenye sayari ya Mars. Walifika Mars kabla ya kufika kwetu. Ilibidi tusubiri Wipeout 3, mwaka 1999, ndipo Afrika ikapata timu.

Nilikuwa nimeisubiri bila kujua. Usiku, kabla ya kulala, niliwahi kujichorea daftarini chombo cha Tanga, chenye pua kama ya ngalawa. Lakini kuchora peke yako ni jambo moja, na kuambiwa "chenu" mbele ya watu ni jambo jingine. Shuleni nilishajifunza kwamba neno hilo likitamkwa, kicheko hufuata. Kwa hiyo nilikuwa wa Ulaya, na nilikuwa hodari. Breki za vyombo vile ni mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukifika konani unabonyeza ya upande unaokwenda, unaiachia mapema, na chombo kinateleza bila kugusa ukuta. Ukigusa, ngao inapungua. Ikiisha, unalipuka.

Jioni ile tulikuwa tumegawana skrini, yeye upande wake, mimi wangu, mzunguko wa mwisho, nami naongoza. Mlango ukagongwa. Mama yake rafiki yangu akafungua, na mama yangu akasimama kizingitini na sare yake ya usafi, kitambaa kichwani, tayari kwenda zamu ya usiku.

"Twende, mwanangu. Chakula kinapoa."

Sikugeuka.

"Anasema nini?" rafiki yangu akauliza.

"Sijui," nikasema kwa Kiingereza.

Mama alikuwa akifagia ofisi za watu kwa mwaka wa tatu. Kiingereza chake hakikuwa kingi, ila neno hilo alilijua. Niliwasikia wakisema kwaheri, mlango ukafungwa. Nilishinda mbio zile. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshaondoka, na sahani yangu ilikuwa mezani, imefunikwa na sahani nyingine.

Hatukuizungumzia kamwe. Nilijiambia kwamba hakusikia.

Agosti 2012 Sony ilitangaza kuifunga studio, ambayo wakati huo iliitwa Studio Liverpool. Mapema mwaka uleule ilikuwa imetoa Wipeout 2048. Nilikwenda kwa mama, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza habari hiyo kama mtu anayeeleza msiba wa jirani: vijana wa mji huuhuu, kazi ya miaka mingi, sasa wamefungiwa.

Mama aliendelea kuchambua. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Ndiyo gemu lile lililokufanya usinijue?"

Nilitafuta la kusema. "Si gemu, mama," nikasema. "Ni mimi."

"Najua ni wewe." Akatupa kijiwe pembeni. "Usiku ule nilifagia ghorofa nne nikilitafuta kosa langu. Nikasema labda ni sare. Kesho yake nikaanza kuibeba mfukoni, naivalia kazini."

Hilo sikuwa nimelijua. Nilikumbuka mfuko ule wa plastiki, ambao siku zote nilidhani ni wa chakula chake. Nikamwomba msamaha, miaka 13 ikiwa imepita. Akanisogezea nusu ya ungo, tukachambua pamoja.

Mwaka 2017 ilitoka Omega Collection, iliyokusanya kazi za mwisho za studio ile, nikainunua. Binti yangu, mwenye miaka saba, akapitia vyombo kimoja kimoja. "Hiki cha wapi?"

"Hicho chetu," nikamwambia.

Akakichagua, kisha akampa bibi yake kidhibiti. Mama akavaa miwani, akauliza breki ni ipi, nikamwonyesha zote mbili. Hakuibonyeza hata moja. Assegai ikaenda ukutani, ikarudi, ikaenda ukuta wa pili, mpaka ngao ikaisha na chombo kikalipuka.

"Rudisha," mama akasema, akijiweka sawa kwenye kochi. "Sikuwa tayari."