Redio Iliyotutajia Majina

Je, mpenzi msomaji, wimbo ulioupenda wiki hii uliimbwa na nani?

Sisi tuliokulia Kajiado tulikuwa na jibu. Betri zikichoka tulizianika juani, na jioni nyumba nzima ilizunguka redio moja. Mtangazaji wa Sauti ya Kenya, iliyogeuka KBC mwaka wa 1989, alimtaja mwimbaji na bendi yake. Ndivyo tulivyomjua Daudi Kabaka, ambaye wimbo wake, Helule Helule, ulirekodiwa hata na kundi la Tremeloes la Uingereza mwaka wa 1968.

Stesheni za kibinafsi za FM zilipoanza Nairobi mwaka wa 1996, tulifurahia sauti safi na nyimbo za kila aina. Lakini siku hizi, ndani ya matatu ya Kitengela, nasikia wimbo ule ule asubuhi na jioni, umekatizwa kwa vicheko, wala jina halitajwi. Wanangu wanajua kiitikio. Mwenye wimbo hawamjui.

Msanii asiyetajwa husahaulika angali hai. Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, zilizopendwa zikipigwa leo, waambie watoto ni nani anayeimba. Redio ikinyamaza, tutaje sisi.