Yai la Rangi ya Jiwe

Twizel, New Zealand, Agosti 21

Ndege wa wrybill wamerudi. Leo asubuhi niliwaona wawili bonde la Tasman wakikimbia juu ya changarawe ya kijivu, na kama wangetulia ningewapita bila kujua. Majira ya baridi walikuwa Kisiwa cha Kaskazini, kwenye matope ya Manukau na ghuba ya Thames. Wamekuja kutaga kwenye mito hii ya Kisiwa cha Kusini, na kwingine kokote hawatagi. Duniani wamebaki takriban 5,000. Mdomo wao umepinda kulia, wote, na ndio ndege pekee wenye mdomo uliopinda upande. Huuingiza chini ya jiwe na kuchokoa mabuu ya wadudu yaliyojibanza huko.

Mto wenyewe umegawanyika na kuungana tena kama nywele za msuko, maji meupe-buluu kutoka barafuni, na katikati visiwa vya mawe visivyo na hata kichaka. Huko ndiko wanakotaga. Kakī pia, wale weusi wenye miguu mirefu myekundu, ambao mwaka 1981 walibaki 23 tu. Hadi leo mayai yao mengi yanatotolewa na kulelewa kituoni hapa Twizel, kisha vijana wanaachiwa mtoni. Kumwachia kijana aliyelelewa kwa jasho hilo lote kwenye bonde ambalo mitego ya wanyama wawindaji haijakaguliwa ni kumpeleka kuliwa.

Septemba 9

Ukaguzi wa mitego upande wa mashariki. Kila mtego umo ndani ya sanduku la mbao, lenye wavu wenye tundu dogo ili ndege asiingie. Kwanza natia pini ya usalama, maana ule mkono wa chuma unavunja vidole. Naondoa chambo kilichooza, naweka yai la kuku na kipande cha nyama ya sungura, nasugua sahani ya chuma mpaka ishuke kwa uzito mdogo. Sahani ikikwama kwa mchanga, mnyama anakula na kuondoka.

Kwenye sanduku moja, stoti jike. Mwembamba, kahawia juu, tumbo la rangi ya maziwa, ncha ya mkia nyeusi. Ni jamii ya kicheche, na sikatai kwamba ni mnyama mzuri. Jike wa stoti hupandwa akiwa bado kitoto pangoni, kabla hata macho hayajafumbuka. Mimba hukaa imelala miezi mingi, kisha huamka majira ya kuchipua, na anaweza kuzaa hadi kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo huyu mmoja hakuwa mmoja.

Septemba 27

Mwenye shamba la kondoo la jirani kasema wametega sumu ya sungura mlimani. Nimemshukuru kwa kunijulisha, na kuanzia kesho nakagua upande ule mara mbili zaidi. Sungura wakipungua ghafla, stoti, fereti na paka waliorudi porini hawafi njaa kwa upole. Wanateremka mtoni, tena wakati huu viota vimejaa.

Mambo haya yalianza na sungura. Walowezi waliwaleta, wakamaliza majani ya kondoo, ndipo miaka ya 1880 serikali ikaleta stoti na fereti wawale. Waliowajua ndege walionya wakati ule ule. Hawakusikilizwa.

Oktoba 18

Baba mdogo kapiga simu kutoka Voi. Alikuwa askari wa wanyamapori Tsavo miaka mingi, na kazi yangu bado inamsumbua. Nilipomwamkia tu akaanza: “Yaani mwanangu, unalinda wanyama kwa kuua wanyama?”

Nikamwambia, baba, kule kwenu mbweha na ndege wanajuana tangu enzi na enzi. Huku, kabla binadamu hajafika, mamalia pekee wa nchi kavu walikuwa popo. Adui wa ndege alikuwa ndege mwenzake, mwewe na kozi, wanaowinda kwa macho. Ndiyo maana yai la wrybill ni la kijivu hafifu lenye vitone vidogo. Siku moja nilikuwa na mawili miguuni pangu, na nilipogeuza uso kuandika nikayapoteza. Lakini stoti hatafuti kwa macho. Anakuja usiku, ananusa, na kiota kiko wazi mbele yake. Kalunguyeye vivyo hivyo.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi hakikisheni hawateseki.” Nikamwambia mitego hii ilipimwa kwanza kama inaua haraka. Akataka kujua inapimwaje, na tukaendelea mpaka salio lake likaisha.

Novemba 6

Upepo wa joto wa kaskazini-magharibi siku nzima, mvua milimani, mto umejaa. Viota viwili vya buabua wenye paji jeusi vimesombwa. Mafuriko siyagombi. Ndiyo yanayosafisha visiwa, na ndege hawa hutaga tena. Lupini za maua ndizo ninazozigomba. Watalii wanazipiga picha, lakini zimeota hadi ukingoni na kumpa paka maficho mahali palipokuwa peupe.

Kesho ni siku ya kupunguza karoro, shakwe mkubwa mweusi mgongoni. Ni mwenyeji wa nchi hii na hakuletwa na mtu. Ameongezeka kwa mabaki ya mashamba na majalala, na anameza makinda mazima. Sheria haimlindi. Nitaifanya kazi hiyo, lakini haifanani na ya stoti moyoni mwangu, na sidhani inapaswa kufanana.

Desemba 2

Makinda wawili wa wrybill upande wa mashariki wameruka. Nimewatazama kwa darubini wakivuka kijito, wakatua, wakavuka tena. Kwenye ripoti ofisini wanapenda kuanza na idadi ya stoti waliokufa. Ya kwangu nimeianza na makinda, na stoti nimewaweka ukurasa wa pili. Mtego mtupu unaweza kuwa habari njema au sahani iliyokwama, ila kinda aliyeruka hana maana mbili.

Mafuriko yamehamisha kijito kikuu, na mstari wa mitego ya chini sasa uko kisiwani, ng’ambo ya wanakopita wanyama. Alfajiri tunaihamishia ukingoni, maji yakiwa bado chini.