Inchi Ngapi, Bosi?

Ukiingia duka la televisheni Kariakoo siku hizi, kijana wa dukani hakuulizi unataka televisheni gani. Anauliza, "Inchi ngapi, bosi?" Ukijibu 43 anakutazama kama umeomba kupimiwa robo kilo ya nyama siku ya Idi, kisha anakuvuta taratibu mpaka kwenye ile ya 55. "Hii hapa smati, haina fremu, dabo glasi, watoto wapige mpira humo humo ndani. Chukua, stendi ya ukutani nakupa bure." Bei yake imezidi kidogo tu hela uliyokuja nayo. Na ya 65 pembeni yake nayo imezidi kidogo tu ile ya 55.

Sisi tuliokulia Magomeni miaka ya tisini hatukujua habari za inchi. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara serikali iliiona ni anasa, tukakaa na redio mpaka 1994 vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Mzee mwenye nyumba wetu, mtu wa bandarini, yake alinunua kwa baharia. Hakuchagua chochote. Baharia alishuka na Sony moja, na swali lilikuwa moja tu: inasoma PAL? Maana kulikuwa na seti kutoka Japani ambazo ukiziwasha hapa zinakupa picha isiyo na rangi, au inapanda juu haitulii. Ya mzee ilisoma. Ilibebwa na watu wawili kutoka kwenye teksi, mmoja akirudi kinyumenyume na mwingine akimwambia "ngazi hiyo, ngazi", chogo lake limetokeza nyuma kwa urefu wa mkono.

Ilikaa kwenye kabati la mbao lenye kufuli, na juu yake kitambaa cha kudarizi. Watoto kabla ya kuingia mnanawa miguu uani. Ukiwahi nafasi ya mbele unanyoosha mkono karibu na kioo mpaka vinyweleo visimame, halafu mama mwenye nyumba anakufukuza kwa jina la baba yako. Picha ikiingia chenga, kijana mmoja anatoka nje kuzungusha bomba la antena, na ukumbi mzima unampigia kelele: "Hapo! Hapo hapo! Aaah, umepitiliza, rudi!" Nimewahi kuona mtu aking'ang'ania bomba lile kipindi kizima cha mpira, kwa sababu kila akiliachia Yanga inapotea.

Siku Senegal walipoifunga Ufaransa, Ijumaa ya tarehe 31 Mei 2002, mechi ilianza saa nane na nusu mchana na watu walikuja moja kwa moja kutoka msikitini, kanzu zao bado zimenyooka. Ukumbi ulijaa, ukajaa ukorido, waliobaki wakabanana dirishani. Papa Bouba Diop alipofunga, wa dirishani hawakuona kitu, walishangilia kwa kufuata sauti ya wa ndani. Sikusikia mtu hata mmoja akilalamika kwamba kioo ni kidogo.

Ilikuwa inchi 21. Nimelijua hilo ukubwani. Kwa hesabu ya eneo, ya 55 anayonisukumia kijana wa Kariakoo ni kubwa mara sita hivi kuliko ile tuliyoangalia nusu ya mtaa, na inakwenda kwenye sebule ya kupanga ambayo ukishaweka kochi, magoti yako yanakaribia kugusa ukuta wa mbele.

Niliyekuwa nabishana naye hasa si kijana wa dukani bali shemeji yangu, aliyekuja kunisindikiza. Kwake yeye televisheni ya sebuleni chini ya 55 ni ya chumbani. Nikamwonyesha kitu. Dukani zote zinachezeshwa flashi ile ile: samaki wa rangi, maua yanafunguka, maghorofa ya Dubai usiku. Imetengenezwa kwa 4K, na mwanga umepandishwa mpaka mwisho. Nikatoa flashi yangu yenye mpira wa ligi niliourekodi kwenye king'amuzi. Kwenye ile 55 ya bei nafuu uwanja ukawa uji wa kijani, na jezi za wachezaji zikaanza kumwagika kila walipokimbia. Si ajabu. Chaneli nyingi za kawaida zinakuja na mistari 576, kioo cha 4K kina mistari 2,160. Iliyopungua televisheni inajibunia yenyewe, na ya bei rahisi inabuni vibaya. Mpira ule ule kwenye 43 ya kampuni inayojulikana ulitulia. "Sasa nani anaangalia king'amuzi siku hizi?" akasema shemeji. Tunaangalia sisi. Kuangalia 4K kwa intaneti kunaweza kula hata GB 7 kwa saa, na mimi kifurushi nanunua cha wiki. Dabo glasi nayo inazuia rimoti iliyorushwa na mtoto, hilo kweli, ila mchana inakurudishia dirisha lote usoni pamoja na kanga zilizoanikwa nje.

Kinachoniuma zaidi ni uhai. Seti ya mzee ilipozimika, fundi wa mtaa wa pili alikuja na bisibisi na pasi yake ya kulehemu, akalifungua chogo, akapuliza vumbi, akabadilisha flaibeki, jioni tukaangalia taarifa ya habari. Akaja tena mwaka mwingine kwa ajili ya kapasita zilizovimba. Seti ile imewaona Mwinyi, Mkapa na Kikwete. Hata mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, yenyewe ilichomekewa king'amuzi kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ikaendelea. Hizi nyembamba, taa za ndani zikiungua fundi atakusaidia. Kioo kikipasuka, hahangaiki hata kufungua skrubu. Kioo kipya ndiyo televisheni yenyewe kwa bei, labda upate ya mtu iliyoungua bodi ikabaki na kioo kizima. Nilimuuliza kijana wa dukani hiyo niliyoshika itadumu miaka mingapi. Akajibu waranti ni mwaka mmoja. Nikarudia swali, akarudia jibu.

Nilikuwa na laki tisa. Zamani hela ya mzee, sijui ilikuwa kiasi gani, ilinunua kitu kimoja kizima: ukichomeka, kinaongea na kuonyesha. Laki tisa yangu ilibidi igawanywe kabla haijatoka mfukoni. TV guard lazima, kwa sababu umeme wetu ukikatika si tatizo, tatizo ni ukirudi. Nauli ya bajaji. Na sauti. Wamezifanya nyembamba hivyo spika zimekosa pa kukaa, zikageuziwa chini au nyuma, zinahutubia ukuta. Ndiyo maana kila duka linalouza televisheni limepanga na sabufa mlangoni. Ya mzee spika yake ilitazama mbele, mkaaji wa uani alikuwa anasikiliza mchezo wote huku akichambua mchele.

Nilichukua ya 43. Shemeji alibeba boksi peke yake, kwa mkono mmoja, akiwa bado na kinyongo, na njia nzima kwenye bajaji alinionyesha kwa simu bei za 55 kwingine. Watoto waliipima kwa rula ya shule wakakuta upana sentimita 95, wakauliza hizo 43 ziko wapi. Sabufa inasubiri mwisho wa mwezi. Kwa sasa ikifika saa mbili usiku tunazima feni ili taarifa ya habari isikike, na ikianza michezo tunaiwasha tena, maana mpira hata bila sauti unaeleweka.