Kitutia, Mawe Yanapoishi

Safari yangu ya kwanza kisiwani Mafia ilianzia kwenye magofu. Mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani, ulihamwa katika karne ya 19 baada ya kushambuliwa na wavamizi kutoka Madagaska, na sasa mizizi ya miti imezikumbatia kuta zake. Kijana aliyenitembeza alinisogeza karibu na jiwe moja lililolika kwa mvua. Uso wake wote ulikuwa na vitundu vyenye umbo la nyota. Hilo ni tumbawe, akasema, na chokaa iliyoyashika mawe haya ni matumbawe yaliyochomwa. Mimi ni mtu wa Singida, nimekulia kwenye majabali, lakini jiwe lililowahi kuwa hai sikuwa nimeliona. Nikataka kuona linakotoka.

Kesho yake tuliondoka kijijini Utende kwa mashua ya injini kuelekea mwamba wa Kitutia, maji yakipwa. Mwamba huo uko nje ya Ghuba ya Chole, upande wa kusini, na maji yanapokupwa sana hutokeza fungu la mchanga mweupe bahari ikiwa pande zote. Nilipomwamkia nahodha, mzee wa makamo, nilimweleza kwamba kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha.

"Marahaba, mwanangu. Vaa jaketi, lala kifudifudi, bahari itakubeba. Ila usikanyage kitu, hata ukichoka."

Kupumua kwa mrija si jambo la kuamrisha mwili ukatii. Uso ukiwa majini, kifua hujifunga chenyewe, kwa sababu tangu utoto kimejua kwamba hapo hapavutwi pumzi. Nilishika ubavu wa mashua, nikavuta kidogo, nikatoa, nikavuta tena. Pumzi yangu niliisikia masikioni, nzito. Ilipotulia, nikaachia.

Kilichonipokea kwanza ni sauti. Nilidhani chini ni kimya, kumbe kulikuwa na mkwaruzo, kru, kru, usiokoma. Walikuwa pono, wa kijani na samawati, wanaguguna mwamba kwa meno yao yaliyoungana. Hula mwani pamoja na chembe za jiwe, wakazisaga tumboni na kuzitoa zikiwa mchanga. Sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe tunaoupiga picha fukweni imepita matumboni mwa samaki hawa. Kitatange walipita wawiliwawili. Chini ya ukingo chewa alikuwa amejikunyata, anafungua na kufumba mdomo, wala hakushughulika nami.

Kisha nikaziona nyota za Kua. Zilikuwa zilezile, zimejipanga juu ya tumbawe la mviringo kubwa kuliko meza ya chakula, ila hizi zilikuwa na rangi ya asali. Kila nyota ni makazi ya mnyama mdogo anayejijengea jiwe chini yake, na ndani ya nyama yake wanaishi mwani wasioonekana kwa macho, wanaotumia mwanga wa jua kumtengenezea sehemu kubwa ya chakula chake. Aina hii huongezeka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Nilielea juu yake kwa muda mrefu, nikiwaza kwamba lilianza kujengwa kabla babu yangu hajazaliwa.

Mbele kidogo mwamba ulikuwa vifusi, vijiti vya kijivu vimelala ovyo. Nilipopanda mashuani niliuliza. Nahodha alitaja baruti za miaka ya nyuma, na lile joto la mwaka 1998, matumbawe yalipowapoteza mwani wao, yakapauka na mengi kufa. Vifusi vikisukumwa na mikondo, tumbawe changa halipati pa kushika. Mwamba huu umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ina kilomita za mraba 822, na vijiji vimo ndani yake. Wavuvi wanaendelea kuvua kwa masharti. Naona huo ni mpango wa haki, kwa kuwa walinzi wa kweli wa mwamba ni wale wanaoutegemea kwa kitoweo.

Nilimuuliza nahodha kama wajukuu zake wameona nilichokiona.

"Samaki wanawajua wote kwa majina. Lakini wanawajua wakiwa ndani ya dema."

Hilo liliniuma. Kati ya abiria wa siku ile, Mtanzania nilikuwa peke yangu. Natamani shule za Mafia, na hata za kwetu bara, ziwe na miwani ya kuzamia kama zilivyo na mipira ya miguu.

Anayetaka kwenda achague miezi ya kaskazi, kati ya Oktoba na Machi. Kusi likivuma, nje ya ghuba bahari huchafuka. Miezi hiyo ya kaskazi ndiyo ambayo papa potwe huja kula karibu na Kilindoni. Na mrija aujaribu kwanza pale maji yanapofika kiunoni.